Majina Arobaini na Moja

Mkutano wa kijiji cha Mwasunga ulikuwa umekwisha, watu wameshaanza kukung'uta vumbi kwenye nguo zao, Nyanda aliposimama na kusema maneno yaliyomkosesha raha juma zima.

Habari yenyewe ilikuwa ya shamba la Kabula, ambaye wote walimwita mayu, yaani mama. Kabula alikuwa mjane wa miaka sabini kasoro, nyonga moja mbovu, na shamba lake la ekari mbili na nusu lilikuwa limelala misimu miwili bila kuguswa na jembe. Mumewe alikwisha fariki. Wanawe wawili waliondoka, mmoja kwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, mwingine kuuza mitumba Mwanza. Zamani shamba kulala misimu miwili halikuwa neno la kuitia mkutano. Lakini huu ulikuwa mwaka 1996. Tangu biashara ya pamba ilipofunguliwa, malori ya wanunuzi binafsi yalikuwa yakitoka Bariadi yakifuata mzigo mpaka milangoni mwa watu, na kila mwenye nguvu alitaka ardhi zaidi. Mashimba, ambaye ng'ombe wake walikuwa wengi kuliko wa mtu yeyote pale kijijini, aliomba apewe shamba lile.

Hakuliomba kwa hila. Alisimama mbele za watu, kofia mkononi, akasema kwamba anamheshimu Kabula kama mama yake mzazi, lakini ardhi haijui mjane wala yatima. Ardhi inajua jembe. Yeye alikuwa na plau na ng'ombe wa kuikokota. Kabula alikuwa na nani?

“Vijana wake wako wapi?” aliuliza.

Kabula alikaa chini, fimbo yake imelala mapajani, akitazama ardhi. Mwandu, mwenyekiti wa kijiji, mtu aliyeogopa ugomvi kuliko njaa, alikuwa karibu kukubali ili watu waende nyumbani. Hapo ndipo Nyanda aliposimama.

“Vijana wake ni sisi,” alisema. “Elika ya Mwasunga ina watu arobaini na mmoja. Ekari mbili na nusu tunazimaliza kwa siku moja, na jua bado liko juu.”

“Arobaini na mmoja?” Mashimba alisema. “Mimi nikipita njiani naona mvi tu. Labda hao wengine mnalima nao mkiwa mmejificha.”

Watu walicheka. Mwandu alipata upenyo, akaamua. Kamati ingekwenda shambani Jumamosi saa kumi jioni. Ikikuta jembe limepita shamba lote, shamba ni la Kabula. Ikikuta pamebaki, shamba ni la Mashimba. Makubaliano yakaandikwa.

Elika ni jamii ya watu wa kulima pamoja. Mtu akiwa na shamba lililomzidi nguvu, huiita elika. Nayo huja alfajiri na ngoma, ikalima kwa nyimbo, ikala, ikarudi. Ni kazi ya vijana, na kiongozi wao huitwa nsumba ntale, mkubwa wa vijana. Nyanda ndiye alikuwa nsumba ntale wa Mwasunga. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na mitano.

Mgeni angeshangaa, lakini sheria ya elika ilikuwa wazi. Jina la mtu halitoki ila kwa njia mbili. Ya kwanza ni kifo. Ya pili ni pale mtoto wake wa kwanza anapooa au kuolewa. Hapo mzazi hutoa ng'ombe, ng'ombe huyo huliwa na wote, na mwenyewe huhamia upande wa wazee, wanaoitwa banamhala. Tangu siku hiyo hashiki tena jembe la elika, na nsumba ntale atakayemwamrisha kulima hutozwa mbuzi. Sasa mtoto wa kwanza wa Nyanda, Dastan, alikuwa Mwanza mwaka wa tatu, hajaoa wala hajasema ataoa lini. Kwa hiyo baba yake, magoti yakimlia kila akiinama, alibaki kijana. Hakuwa peke yake. Vijana hawaoi, wazee hawatoki. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

Namba ile ya arobaini na mmoja aliipata wapi? Aliipata kwa Dastan. Dastan ndiye alikuwa karani wa elika, na kila msimu alifungua daftari akasoma majina, akamaliza kwa kutangaza idadi. Nyanda hakujua kusoma wakati huo. Dastan alipoondoka, daftari lilibaki limefungwa kwenye sanduku la nguo, na namba ikabaki kichwani mwa Nyanda, nzima kama alivyoiacha mwanawe. Katika miaka hiyo mitatu hakuna mtu aliyekuwa ameita elika kwa kazi kubwa. Waliitana watano, sita, mashamba madogo, na Nyanda hakuwahi kujiuliza wengine wako wapi. Alijua kila mmoja alikokwenda. Hakuwahi tu kuwajumlisha.

Siku ya pili, Jumanne jioni, alilichukua daftari lile akaenda nalo darasani. Mwaka huo alikuwa ameanza elimu ya watu wazima pale shule ya msingi, baada ya watoto kutoka. Wanafunzi walikuwa wanane, wote wamevuka miaka arobaini, na mwalimu wao, Lucy, alikuwa binti wa miaka ishirini na sita. Nyanda aliomba asome majina ya elika kama zoezi. Moyoni alitaka pia kujionyesha kidogo, Mungu amsamehe.

Alisoma polepole, kidole kikitangulia. Kila alipomaliza jina, Lucy aliuliza, kwa sababu ya kumzoeza kujibu kwa sentensi kamili, “Yuko wapi?”

La kwanza, yuko Mwanza. La pili, yuko machimboni. La tatu, yuko Mwanhuzi kwenye duka la mjomba wake. La nne, yupo, yule pale. Watu wakacheka. La tano machimboni, la sita machimboni, la saba Mwanza. Walipofika la kumi na tano, watu walikuwa wameacha kucheka. Nyanda alifika kwenye jina lililoandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko yote, akalisoma mara mbili. Dastan Nyanda. Lucy hakuuliza yuko wapi.

Ishirini na wanne walikuwa wameondoka. Walibaki kumi na saba. Kati ya hao watatu walikuwa wagonjwa wasioweza kuinama. Aliyekuwa mdogo kuliko wote alikuwa Justina, mwenye miaka thelathini na sita na watoto saba.

“Baba Nyanda,” Lucy alisema taratibu, “hii siyo elika ya vijana. Hili ni darasa langu.”

Hakusema kwa dharau, na Nyanda hakukasirika. Alifunga daftari. Watu kumi na wanne, ekari mbili na nusu, siku moja. Hata asiyejua hesabu angeliona pengo.

Na wasingeweza kuanza mapema. Novemba ile ilikuwa kavu. Udongo mweusi wa mbuga wa shamba la Kabula ulikuwa umekauka ukawa kama tofali, jembe likipigwa linaruka na kurudi usoni kwa mpigaji. Ng'ombe wa watu wengi walikuwa mifupa na ngozi, hawakuweza kuvuta plau hata kama ardhi ingekuwa laini. Wenye nguvu walikuwa wa Mashimba peke yake, kwa kuwa alikuwa amewapeleka malishoni Meatu mapema.

Alipofika nyumbani alimweleza mkewe. Monika alikuwa akipepeta mtama. Aliusikiliza mkasa mpaka mwisho, ungo umesimama hewani.

“Baba Dastan, umemwahidi mjane watu ambao hawapo?”

“Nilidhani wapo.”

“Walikuwepo,” Monika alisema, akarudi kupepeta. Baadaye kidogo aliuweka ungo chini, akasema afadhali wasali.

Walipiga magoti pale pale uani, ingawa Nyanda goti la kulia lilimchoma. Hakuomba vijana warudi. Aliona aibu kuomba hivyo, maana kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kuondoka, na mwanawe pia. Alisema, “Bwana, sikudanganya kwa kusudi. Nilisema nisichokijua. Usimwache mama yule alipie mdomo wangu. Kama kuna njia nionyeshe, nami sitaangalia kama inanipendeza.” Monika aliongeza ombi la mvua, kwa kuwa alikuwa mwanamke anayepanga mambo kwa utaratibu.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Kabula akamwambie ukweli. Alimkuta ameketi kwenye kigoda anachagua karanga, na kando yake sufuria tatu kubwa zimeazimwa kigangoni.

“Mwangaluka, mayu,” alimsalimu.

“Mwangaluka, nsumba ntale. Karibu. Unaonaje, karanga hizi zitatosha watu arobaini? Justina anasema nitie na kunde.”

Uso wake ulikuwa na nuru ambayo Nyanda hakuwa ameiona tangu mazishi ya mumewe. Alimweleza kwamba jana usiku alilala moja kwa moja mpaka jogoo, jambo lililokuwa limemkimbia tangu Mashimba alipoanza kulizungukia shamba. Nyanda alikaa pale, akala karanga tano, akasema kunde si mbaya. Aliondoka bila kusema alichokwenda kusema. Mdomo huponza kichwa, na sasa mdomo ule ule ulikuwa umegeuka bubu.

Nyumbani alilifungua daftari tena, safari hii tangu ganda la mbele. Mwalimu Lucy alikuwa amewafundisha kwamba kitabu huanzia mwanzo, nao wanafunzi wazima hutii sheria za namna hiyo kuliko watoto. Dastan alikuwa anaanza kusoma kwenye ukurasa wa nne. Kurasa tatu za mbele ziliandikwa na karani wa kale, marehemu sasa, kwa wino uliopauka. Ndani yake mlikuwa na majina ya watu waliomtangulia Nyanda. Jina la mtu aliyetoka lilipigwa mstari, na pembeni paliandikwa rangi ya ng'ombe wake. Mwekundu. Mweusi mwenye baka. Mweupe. Nyanda aliteremka nayo, akifurahia kwamba alikuwa anasoma mwandiko wa mtu mwingine. Kwenye ukurasa wa tatu mistari ilikoma. Majina kumi na manne yalisimama wima, hayakupigwa mstari, hayakuandikiwa ng'ombe.

La kwanza kati ya hayo kumi na manne lilikuwa Shija.

Shija! Mzee Shija, ambaye wakati wa kugawa nyama hupewa mguu kabla hajaomba. Nyanda alisoma tena. Akakumbuka sala yake ya jana, hasa ile sehemu ya mwisho kuhusu kutoangalia kama njia inampendeza. Haikumpendeza hata kidogo.

Alimkuta Shija akiziba pengo kwenye zizi kwa matawi ya miiba. Alikuwa mzee wa miaka sitini na minane, mrefu, mwenye kujipenda, asiyevua koti lake la kijivu hata jua likiwaka. Walisalimiana kwa urefu kama inavyopasa. Waliulizana hali ya nyumba, ya mifugo, ya mvua isiyokuja. Kisha Nyanda aliuliza, kama mtu anayetafuta mazungumzo, kwamba baba Shija alitoka elika mwaka gani.

“Mwaka wa Operesheni Vijiji. Sabini na nne.”

“Na ng'ombe wako wa kutokea alikuwa wa rangi gani?”

Huko Usukumani mtu anaweza kusahau mwaka aliozaliwa, lakini hasahau rangi ya ng'ombe. Shija aliacha kuziba pengo. Alishika tawi la miiba mkononi bila kulichomeka mahali.

“Hakukuwa na ng'ombe,” alisema mwishowe. “Mwaka ule tulihamishwa. Tulibeba milango vichwani. Ng'ombe walitawanyika mpaka mto Simiyu. Nani angekaa chini ale nyama?”

Akaeleza kwamba walikuwa watu kumi na wanne, wote watoto wao wa kwanza wamekwisha oa au kuolewa, wote wamejiandaa kutoka pamoja baada ya mavuno. Operesheni ikawakuta. Walipofika kijijini hapa na kusimamisha nyumba, siku ya kikao cha kwanza walikwenda tu wakaketi upande wa banamhala. Kila mtu alikuwa amechoka. Hakuna aliyeuliza.

“Basi, baba,” Nyanda alisema, “jina lako bado limo.”

Alimwonyesha daftari. Shija hakujua kusoma, lakini alilitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama nyayo za mnyama.

“Unanirudisha ujana kwa karatasi, Nyanda? Unajua faini ya kumwamrisha mzee?”

“Naijua. Kama wewe ni mzee, mbuzi wangu yule mweupe ni wenu, mtamla kesho. Kama si mzee, Jumamosi uje na jembe.”

Hakuwahi kusema neno zito kama hilo kwa mtu aliyemzidi umri. Alitazama chini akingoja kufukuzwa. Alichosikia ni sauti ya koo, akadhani mzee amepaliwa. Shija alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi.

“Miaka ishirini na miwili,” alisema akifuta machozi, “nakula mguu wa wazee kwa wizi.”

Alipotulia, aliomba asomewe yale majina mengine. Nyanda alisoma, Shija akajibu. Amekufa. Yupo. Yupo. Amekufa. Watano walikuwa wamekwisha tangulia mbele za haki, na kila mmoja Shija alimtaja kwa jambo moja jema. Mmoja hakutoka kitandani. Walibaki wanane, pamoja na Shija mwenyewe. Jina la mwisho lilipotajwa, mzee alimwambia alirudie.

“Mashimba,” Nyanda alirudia.

“Alikuwa mdogo wetu wote. Alioa mapema, binti yake naye akaolewa mapema.” Shija alichomeka tawi lake kwenye pengo, akalikanyaga likae. “Huyo usimwite. Niachie mimi.”

Hakuahidi kuja, na Nyanda hakuthubutu kumbana.

Alhamisi ilipita kavu. Ijumaa mchana upepo ulibadilika, ukaleta harufu ya udongo kutoka mbali, na saa tisa mvua ikashuka. Haikuwa ya kuharibu, ilikuwa ya kulowesha. Ilinyesha saa mbili nzima, ikakoma. Monika alisimama mlangoni mikono kifuani. Alimtazama mumewe kama mtu aliyelipeleka ombi lake mahali panapostahili.

Jumamosi alfajiri walifika shambani watu kumi na wanne, Monika miongoni mwao. Ngoma ilipigwa, Nyanda akapima mistari, wakaanza. Ardhi ilikubali. Lakini shamba lile, lililoonekana dogo siku zote lilipokuwa limelala, lilikuwa limetanuka. Saa mbili walikuwa wamekula ukingo tu. Nyanda alikuwa akigeuka kila mara kutazama njia. Njia ilikuwa tupu. Alijiambia aache kutazama, kisha akatazama tena. Kule kwenye mafiga alimwona Kabula amesimama, mkono juu ya macho, anahesabu watu kwa kidole. Alihesabu mara mbili. Halafu akashusha mkono.

Nyanda alilima asiinue kichwa tena. Alikuwa ameanza kupanga maneno ya kumwambia jioni.

Ngoma ndiyo ilimshtua, kwa sababu ilinyamaza. Mpiga ngoma alikuwa amekodoa macho kule njiani. Watu saba walikuwa wanakuja kwa mstari mmoja, majembe mabegani, makoti yamefungwa vifungo. Shija alikuwa mbele. Nyuma yake mmoja alichechemea, na mmoja alibeba jembe ambalo mpini wake ulikuwa mpya kabisa, bado una magamba.

Kila mtu alimtazama nsumba ntale. Nyanda hakujua awasalimie kama wazee au awapimie mistari kama vijana. Justina ndiye aliyemwokoa.

“Mmechelewa, vijana,” alisema.

“Mama zetu walitucheleweshea uji,” Shija alijibu, uso mkavu, na shamba zima likaangua kicheko. Hata Kabula alicheka, kwa mbali, kitambaa mdomoni.

Wazee wale hawakulima haraka. Lakini walilima kama maji yanavyopanda, huoni yakienda na tayari yamefika. Hawakusimama kupiga soga wala kunyoosha migongo, maana walijua mgongo uliokwisha nyooshwa haukubali kuinama tena. Walianzisha nyimbo ambazo Nyanda alizisikia mara ya mwisho akiwa kijana kweli, na wengine wakaziokota katikati. Jua lilipanda, likasimama, likaanza kuteremka. Jembe la Nyanda lilikuwa limegeuka zito kama shoka, lakini kifuani alihisi wepesi aliousahau. Walikuwa ishirini na mmoja. Aliwajua kwa majina na kwa maumivu yao, na wote walikuwepo.

Hata hivyo, saa kumi ilipofika na kamati ikatokea njiani, palikuwa pamebaki nusu ekari upande wa kilimani.

Kamati ilikuwa ya watu watatu: Mwandu, mjumbe mmoja wa serikali ya kijiji, na Mashimba mwenyewe. Walizunguka shamba lote. Mwandu alionekana kutopenda kazi yake. Walipofika kwenye majani yaliyobaki, Mashimba aliyapiga kwa ncha ya fimbo.

“Mmefanya kazi kubwa, sikatai,” alisema. “Lakini pamebaki.”

“Makubaliano ni makubaliano,” Mwandu alisema kwa sauti ndogo, akitazama pembeni.

Kabula alikuwa amesogea. Alisimama kwenye udongo uliogeuzwa, fimbo imezama, akisubiri kusikia la mwisho. Shija alijifuta jasho kwa mkono wa koti, akasogea mbele.

“Mashimba,” aliuliza kwa upole, “ng'ombe wako wa kutokea alikuwa wa rangi gani?”

Mashimba alikuwa na ng'ombe mia mbili na ushee, akimjua kila mmoja, mama yake na baka lake. Alianza kujibu kwa haraka ya mtu aliyezoea kujibu. Kisha alisita. Watu walimwona anatafuta, anapita zizi baada ya zizi kichwani mwake, mwaka baada ya mwaka, mpaka alipofika.

“Mwaka ule wa Operesheni...”

“Ndiyo. Mwaka ule.”

Nyanda alitoa daftari kwenye mfuko wa nailoni, akasoma. Alisoma majina yote kumi na manne bila kukwama hata moja, marehemu na walio hai. La Mashimba lilikuwa la mwisho. Kila mtu alijua maana yake. Mtu wa elika haji shambani siku ya elika kama mkaguzi. Huja na jembe.

Mashimba aliwatazama wazee saba waliolowa jasho, rika lake, makoti yamewagandia migongoni. Alimtazama yule mwenye mpini mpya. Halafu akavua kofia.

“Nsumba ntale,” alisema, na hakukuwa na mzaha katika neno hilo, “aliyechelewa siku nzima adhabu yake ni nini?”

“Humaliza kilichobaki,” Nyanda alijibu.

“Kwa jembe gani?”

“Sheria haikutaja.”

Mashimba aliazima jembe la Justina, akapiga mapigo matatu mbele za watu, ili isisemwe kwamba hakuinama. Kisha alirudisha jembe, akaondoka kwa miguu kwenda shambani kwake ng'ambo ya njia, ambako ng'ombe wake wanne walikuwa bado wamefungwa kwenye plau tangu mchana. Aliwaleta mwenyewe, akiwaita kwa majina. Mwandu alitazama saa yake ya mkononi. Aliivua, akaitia mfukoni, akasema kwamba kwa macho yake saa kumi bado.

Ile nusu ekari ilikwisha kabla jua halijagusa kilima. Mashimba aligeuza ng'ombe mara ya mwisho, akasimama mbele ya Kabula, tope mpaka magotini.

“Mayu, shamba lako hilo. Mwakani uniite mapema. Mikono ya kijiji hiki imepungua, nami nimekuwa nikiitazama tu. Hizi pembe zinaweza kufanya kazi ya vijana ishirini.”

“Wabeja, mwanangu,” Kabula alisema. Alirudia shukrani hiyo kwa kila mmoja, akipita mstari mzima na fimbo yake, na alipofika kwa Shija alishindwa, akamshika tu mkono.

Pale pale wazee walikubaliana kwamba baada ya mavuno wote wanane watatoa ng'ombe zao na kutoka kihalali, na kwamba yule wa kitandani atatolewa na wenzake. Shija alisisitiza wake awe mwekundu. Wakabishana rangi mpaka maji ya kunawa yalipoletwa.

Monika alikwenda kumwita mumewe aje kula. Alimkuta ameketi kando ya shamba, mgongo umeegemea rundo la magugu, mikono imefumbatwa. Alikuwa ameanza kushukuru. Alikuwa amemtaja Mungu, na mvua, na mzee Shija, na mwalimu Lucy, na Dastan popote alipo. Midomo yake ilikuwa bado wazi kidogo kwa ajili ya jina linalofuata. Alikuwa amelala fofofo.

Justina alitaka kumwamsha, chakula kisipoe.

“Mwacheni,” Monika alisema, akamfunika mabega kwa kanga yake. “Aliyekuwa anaongea naye ameshaelewa.”